Bwawa la Iribagiza na Unga wa Jongoo Bahari

Iribagiza alikunywa chai yake amesimama. Mume wake, Juvénal, alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, anavaa buti zake polepole.

"Kaa basi, Mama Bella," Juvénal alisema. "Chai haiko nakimbia."

"Samaki wananingoja."

"Samaki haina saa, we!"

Lakini Iribagiza alikwisha toka. Alibeba ndoo ya chakula cha samaki, akateremka bondeni kwa haraka kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyekuwa amemwita. Iribagiza alikuwa hivyo. Moyo wake haukujua kupumzika, na tangu mavuno yaliyopita ulikuwa umezidi.

Mabwawa yalikuwa bondeni, huko Nyamyumba, kusini mwa mji wa Gisenyi. Wanachama wa ushirika waliyachimba wenyewe kwa majembe. Maji yalitoka kwenye kijito, yakapita katika mfereji mmoja, yakaingia bwawa moja hadi jingine. Kila bwawa lilitunzwa na familia moja, na ndani yake walifugwa samaki aina ya tilapia. Familia nyingine zilikuwa bado zinasubiri zamu. Kwa hiyo wanachama waliweka sheria: ukivuna vibaya mara mbili mfululizo, unamwachia bwawa anayesubiri.

Iribagiza alikwisha vuna vibaya mara moja.

Kosa lake la kwanza lilitokana na sambaza. Sambaza ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu, urefu wao kama kidole. Watu wa Nyamyumba wamekua wakiwala. Wavuvi wa sambaza wakirudi asubuhi, hakuna anayeuliza samaki ni wakubwa kiasi gani. Watu wanauliza ni wengi kiasi gani. Wavu ukijaa, siku imekuwa njema.

Basi Iribagiza alipoona vifaranga vya tilapia vimejaa pembeni mwa bwawa lake, alifurahi sana. Aliwaita majirani waje kuona.

"Tazameni! Bwawa limebarikiwa!" alisema.

Majirani walipiga makofi. Nao walikuwa watu wa sambaza.

Siku ya mavuno ilipofika, samaki walikuwa wengi kweli. Lakini hakuna aliyezidi ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mwenye hoteli mmoja wa Gisenyi alikuja na gari kuchukua samaki. Aliinama, akatazama ndani ya beseni, akacheka.

"Mama, hii ni tilapia ama ni sambaza?"

Akarudi mjini na masanduku yake matupu. Watu wengine walicheka pia. Cansilde hakucheka. Cansilde alikuwa mama jirani aliyekuwa akisubiri zamu. Alilizunguka bwawa taratibu, akapima kingo kwa macho, kama mtu anayetazama nyumba atakayohamia.

Iribagiza alimwona. Aliporudi kutoka Masisi, huko Kongo, hakuwa na kitu hapa. Watu walimwita "yule mama wa Masisi," basi. Alipopewa bwawa, wakaanza kumwita Iribagiza wa bwawa la juu. Walimwomba ushauri. Walimwachia nafasi mikutanoni. Alijua kabisa kwamba bwawa likienda, na yeye atarudi kuwa yule mama wa Masisi.

*

Jumapili moja baada ya kanisa, shemeji yao alikuja kuwatembelea. Jina lake Johnson. Alikuwa amemwoa dada yake Juvénal, na alikuwa na duka Gisenyi mjini. Johnson alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shati lake la Jumapili. Alikuwa mtu mwema. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakupenda kusema "sijui."

"Shemeji, tatizo lako ni majike," Johnson alisema.

"Majike wamefanya nini?" Iribagiza aliuliza.

"Wanazaa bila kupumzika. Chakula unachowapa kinaishia kwenye mayai. Halafu vifaranga nao wanakula, bwawa linajaa, na hakuna anayekua. Dume hatagi mayai. Dume anakula na kunenepa."

Hapo Johnson alisema kweli tupu. Tabu ilianza na maneno yaliyofuata.

Alitoa kopo mfukoni, akalifungua. Ndani mlikuwa na unga wa rangi ya majivu. Ulinuka chumvi na kitu kingine kisichokuwa na jina katika nchi hii isiyo na bahari.

"Huu ni unga wa jongoo bahari," Johnson alisema. "Ni mnyama laini, mnene kama tango, anatambaa chini ya bahari. Rafiki yangu wa Unguja anawafuga. Ameniambia wataalamu wanautumia kuwafanya samaki wawe madume. Changanya na chakula, wape. Majike wako watageuka."

Juvénal alipiga paja lake.

"Eeh, shemeji! Jike inageuka dume? Na mi nikikula, njo nitakuwa dume mara mbili?"

Wote walicheka. Iribagiza alicheka kidogo tu, kwa sababu mkono wake ulikuwa tayari kwenye kopo.

"Lakini ushirika umekataza dawa," alisema. "Nzabonimpa alisema mtu asitie dawa kwenye maji bila kuuliza."

Nzabonimpa alikuwa mwenyekiti wa ushirika.

"Hii si dawa, shemeji," Johnson alijibu. "Ni kitu cha asili tu. Kitu cha asili hakina madhara."

Iribagiza alitaka sana kuamini. Akaamini.

Kesho yake alichanganya kijiko kimoja cha unga na pumba, akawamwagia samaki. Alisimama pale akingoja, kana kwamba wangegeuka wakati ule ule. Siku chache baadaye aliona kijiko kimoja hakitoshi. Akatia viwili. Kisha akaacha kijiko nyumbani, akatumia mkono. Kopo lilipoisha alimwomba Johnson lingine. Nzabonimpa akipita, Iribagiza alificha kopo ndani ya kitenge na kuanza kuzungumza habari za mvua.

Kulikuwa na samaki mmoja mkubwa kuliko wenzake, mweusi, mkali. Alikuwa akiwafukuza wengine wote waliomkaribia. Iribagiza alimpa jina la Kapiteni.

"Muone," alimwambia Juvénal. "Amekwisha kugeuka. Ana hasira za kiume kabisa."

"Ee, Kapiteni iko muzuri," Juvénal alikubali.

Lakini asubuhi moja Kapiteni alikuja kando ya bwawa, asiguse chakula. Kidevu chake kilikuwa kimevimba. Iribagiza aliogopa. Je, unga umemdhuru? Alichukua wavu mdogo, akamvua, akamshika kwa mikono miwili ili amtazame. Kapiteni alifungua mdomo. Vifaranga vikamwagika kutoka mdomoni mwake, vingi, vidogo kama mbegu za uwele, vikaanguka majini na kuanza kuogelea.

"Mana yanjye! Mungu wangu!" Iribagiza alipiga kelele.

Juvénal alikuja mbio. Alitazama, akakuna kichwa.

"Kapiteni iko mama," alisema.

Alianza kucheka, kisha akaona uso wa mke wake, akaacha. Iribagiza alikuwa ametoa macho. Kopo la tatu lilikuwa limekaribia kwisha, na majike walikuwa bado majike, na bado walikuwa wakizaa. Basi ule unga wote umekwenda wapi? Umefanya nini? Aligeuka, akautazama mfereji. Maji ya bwawa lake yalikuwa yakitiririka taratibu kuingia bwawa lililofuata. Bwawa lile lilikuwa la mwenyekiti, Nzabonimpa.

Iribagiza alichukua lile kopo. Aliweka ndoo chini, akapanda barabarani, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita. Hata viatu hakubadilisha.

*

Kulikuwa na kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki upande wa mjini. Mtaalamu wake aliitwa Connie. Alikulia Uganda, akasomea mambo ya samaki huko, kisha akarudi Rwanda kufanya kazi. Alimkuta Iribagiza mlangoni, buti zimejaa matope, kopo mkononi.

"Okey, Mama, karibu. Kaa kwanza."

"Siwezi kukaa."

"Basi sema umesimama."

Iribagiza alisema yote bila kupumua. Connie alisikiliza. Alichukua kopo, akanusa, uso wake ukakaza.

"Ulitia kiasi gani?"

"Mkono."

"Mkono wa nani?"

Iribagiza aliutazama mkono wake.

"Samahani, Mama, sikuchezei," Connie alisema. "Nauliza kwa sababu kipimo ndicho kila kitu. Huyo shemeji yako hakudanganya. Alisikia nusu ya habari. Ni kweli watafiti wamejaribu jongoo bahari kwa tilapia. Unajua homoni ni nini?"

"Nimesikia neno tu."

"Homoni ni kitu kidogo sana kinachotengenezwa na mwili wenyewe. Kinasafiri kwenye damu na kuupa mwili amri. Kua. Ota ndevu. Taga mayai. Sisi tunazo, ng'ombe anazo, samaki pia. Sasa sikia. Kifaranga wa tilapia akitoka kwenye yai, mwili wake bado haujajitengeneza kuwa dume au jike. Ndani yake homoni ya kiume na ya kike zinashindana. Wiki hizo za mwanzo ndizo zinazoamua. Ya kiume ikizidi, anakuwa dume. Ya kike ikizidi, anakuwa jike."

"Na jongoo bahari?"

"Mwili wa samaki unaweza kuchukua homoni ya kiume na kuigeuza kuwa ya kike. Inadhaniwa kwamba kitu kilichomo ndani ya jongoo bahari kinazuia kazi hiyo. Kwa hiyo homoni ya kiume inabaki nyingi, na vifaranga wengi zaidi wanakuwa madume. Lakini wanaojaribu hawatumii unga wa kopo. Wanakamua kile kitu, wanakipima, wanawapa vifaranga wachanga tu, na wanafuatilia. Hata hivyo si wote wanaokuwa madume. Kazi hiyo bado inachunguzwa."

Iribagiza alianza kuelewa, na alivyoelewa ndivyo alivyozidi kuumia.

"Wangu walikuwa wakubwa," alisema polepole.

"Wakubwa, ndiyo. Jike aliyekwisha kuwa na mayai tumboni hatageuka kwa sababu umemlisha unga. Saa yake ilipita zamani."

"Kwa hiyo sikufanya kitu kibaya? Unga haukufanya kazi, basi?"

"Sikusema hivyo." Connie aliinua kopo. "Mimi sijui humu mna nini. Wewe hujui. Huenda ni jongoo bahari mtupu. Huenda kuna aliyechanganya kitu kingine. Kuwa cha asili si ruhusa. Kuna uyoga wa asili unaoua. Na homoni ni kitu cha kuheshimu, Mama. Hata kidogo kinaweza kuvuruga mwili wa samaki, na wako walikuwa kwenye maji ya watu wengine."

"Tumewala Jumapili," Iribagiza alisema.

Connie alimgusa bega.

"Jongoo bahari ni chakula kwa watu wengi huko Asia, kwa hiyo usikose usingizi. Lakini acha kuutumia leo. Usile samaki hao, usimuuzie mtu, mpaka nije kuwatazama. Mkiona mtu anaumwa, mpelekeni kituo cha afya na mseme alichokula."

Iribagiza alikaa mwishowe.

"Nifanye nini na bwawa langu?"

"Tutawachagua kwa mkono. Ni kazi ya zamani, haitaki dawa, inataka macho na subira. Nitakuja kuwaonyesha." Connie alimtazama. "Ushirika unajua?"

Iribagiza aliyatazama matope kwenye buti zake.

"Maji ni ya wote, Mama. Waambie. Ukiwaficha, mimi siji."

*

Nyumbani, Juvénal aliposikia sharti la Connie, alikasirika, jambo lililokuwa nadra.

"Ukisema, bwawa imeenda! Cansilde iko nangoja tu. Juu ya nini uniharibie kazi? Nyamaza, unga itaisha, maji itapita, bon, mambo yamekwisha."

"Na maji yakipita yanaenda wapi?"

Juvénal aligeuka kutazama bondeni. Yanaenda kwa Nzabonimpa. Kisha kwa wengine, hadi chini.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu walifanya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Walizibua mfereji wa barabara. Kazi ilipokwisha, walikaa kwenye majani kwa mkutano, kama kawaida. Iribagiza hakukaa. Alisimama kabla ya Nzabonimpa kumaliza kusalimu.

"Nimetia kitu kwenye maji," alisema.

Alieleza kila kitu. Aliposema habari za mkono badala ya kijiko, watu waliguna. Aliposema habari za Kapiteni, wengine walicheka bila kutaka. Nzabonimpa hakucheka. Alikuwa mzee wa maneno machache, na samaki wake walikuwa wanakunywa maji yale.

"Sheria iko wazi," Cansilde alisema. "Amevunja. Mi nimengoja miaka. Mi sikuweka kitu kwa maji ya mutu."

Hakusema uongo, na Iribagiza alijua hilo. Ndiyo maana alishindwa kumchukia.

Wanachama walibishana mpaka jua likawachoma. Wengine walitaka aondolewe siku ile ile. Wengine waliuliza, je, mtu akiadhibiwa kwa kusema, nani atasema tena? Mwishowe Nzabonimpa aliinua mkono.

"Angetaka kutuficha angeweza," alisema. "Mfereji wa kutoka kwake ufungwe leo, maji ya wengine yapitishwe kando. Mtaalamu aje, afundishe, tuone. Iribagiza atavuna mara moja tena, mbele yetu sote. Siku hiyo nitauliza nani anataka bwawa lile. Tutaamua pale pale ukingoni."

*

Connie alikuja na buti, chupa ya wino wa bluu na unyoya wa kuku. Alianza na bwawa la mwenyekiti. Aliwatazama samaki, akapima maji, akasema haoni dalili ya ugonjwa, na kwamba watazame tena wiki zijazo. Nzabonimpa alishusha pumzi. Iribagiza alishusha yake pia.

Kisha maji ya bwawa la Iribagiza yalitolewa kidogo kidogo, yakamwagwa kwenye shamba la majani, mbali na mfereji. Johnson alikuja pia. Alikuwa amevaa suruali ya zamani. Alisimama mbele ya Iribagiza, akainamisha kichwa.

"Shemeji, nilisikia jambo dogo nikalifanya kubwa. Nisamehe."

"Shika beseni," Iribagiza alimwambia.

Connie alichagua samaki mmoja wa ukubwa wa kiganja. Alilowesha mikono kwanza ili asimchubue, akamgeuza tumbo juu, akapaka wino kidogo kwa unyoya karibu na mkia.

"Angalieni hapa. Wino unaingia kwenye matundu na kuyaonyesha. Dume ana matundu mawili. Jike ana matatu. Huyu?"

Juvénal aliinama mpaka pua ikakaribia samaki.

"Mbili. Hapana. Tatu! Ile ya kati iko kadogo sana."

"Jike. Beseni jekundu. Madume tunaweka kwenye beseni jeusi lenye maji mengi. Ukiwa na shaka, usibahatishe. Mwite mwenzako atazame."

"Na majike tutawafanya nini?" Iribagiza aliuliza.

"Leo hutaweza kuwala wala kuwauza, kwa sababu ya ule unga. Hawa wote tutawafukia shambani. Madume watahamia maji mapya, na watakaa miezi mingi kabla ya mtu kuwala. Siku nyingine, ukichagua samaki wasio na kitu, majike ni mboga ya nyumbani."

Iribagiza alianza kwa haraka yake. Alichukua, akageuza, akatupa. Alichukua, akageuza, akatupa. Connie aliingiza mkono kwenye beseni jeusi, akamtoa mmoja, akampa tena.

"Hesabu matundu."

Iribagiza alihesabu. Yalikuwa matatu.

"Jike mmoja tu akibaki na madume, Mama, umerudi ulikotoka."

Tangu hapo alijilazimisha. Samaki mmoja, wino, kutazama, kutazama tena. Kila kitu ndani yake kilitaka kukimbia, lakini mikono aliizuia. Hakuwa amewahi kufanya kazi ngumu hivyo, ingawa hakuwa amebeba kitu kizito. Mchana ulipopinduka, Connie alipima tena beseni jeusi lote, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hakuna jike aliyepatikana.

Madume walihifadhiwa kwenye tangi la peke yao kituoni kwa Connie, na bwawa likaachwa likauke mpaka matope yakapasuka, ili kifaranga hata mmoja asibaki. Walimwaga chokaa, wakaweka wavu wenye matundu madogo mlangoni mwa maji ili vifaranga wasiingie kutoka mferejini. Kisha wakajaza maji na kuwarudisha madume. Walikuwa wachache. Bwawa lilionekana tupu. Watu wa sambaza walipita, wakatazama, wakasikitika.

"Mbona hakuna kitu humu?" waliuliza.

Iribagiza aliumia kila walipouliza.

*

Kungoja kulimtesa kuliko kazi. Kila alfajiri alilala kifudifudi ukingoni akitafuta vifaranga. Kifaranga mmoja tu angetosha kumwambia kwamba alikosea. Asubuhi moja aliona vitu vidogo vyeusi vinacheza kwenye maji ya pembeni.

"Juvénal! Juvénal, njoo! Wamezaa!"

Juvénal alikuja na buti moja mguuni. Alichota kwa kiganja, akatazama.

"Hii iko viluwiluwi, Mama Bella. Chura njo imezaa."

Iribagiza alicheka mpaka akakaa kwenye matope.

Miezi ilipita. Chakula kilikuwa kile kile, lakini sasa hakikuliwa na umati. Samaki walikuja juu asubuhi na vichwa vipana. Mkia ukipiga maji, sauti ilisikika mpaka njiani. Iribagiza aliogopa kufurahi. Alikwisha wahi kufurahi ukingoni pale, na mbele ya watu.

Siku ya mavuno, wanachama wote walikuja. Connie alikuja. Mwenye hoteli alikuja pia, akasimama nyuma na masanduku yake, mikono mfukoni. Juvénal na Johnson waliingia majini na wavu mrefu, mmoja huku, mwingine kule, wakauvuta polepole. Mwanzoni wavu ulikuja mwepesi. Iribagiza alifumba macho.

Kisha akasikia Johnson anaguna, na Juvénal anapiga kelele, "Vuta, shemeji! Vuta, inakimbia!"

Alifungua macho. Maji yalikuwa yanachemka kwa mikia. Nzabonimpa mwenyewe alivua viatu, akaingia, akashika samaki mmoja. Ilibidi amshike kwa mikono miwili. Mwenye hoteli alitoa mikono mfukoni, akaanza kufungua masanduku bila kuambiwa.

Nzabonimpa alirudi ukingoni, maji yanamchuruzika.

"Tulisema nitauliza," alisema. "Nauliza. Nani anataka bwawa hili?"

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza tena. Nani anataka bwawa hili?"

Cansilde alisogea mbele.

"Mi nilikuwa nalitaka," Cansilde alisema. "Nililitaka sana. Lakini mi nikipewa leo, mwakani nitavuna sambaza." Alimgeukia Iribagiza. "Zamu yangu iko karibu kwa lile bwawa mpya la chini. Siku hiyo njoo, unionyeshe matundu. Mi siwezi peke yangu."

Nzabonimpa aliinua mabega.

"Basi limebaki la mwenyewe," alisema.

Iribagiza aliliacha beseni alilokuwa akilijaza samaki. Alimshika Cansilde mikono yote miwili, akalia mbele ya ushirika mzima bila kuona haya, magamba ya samaki yamemganda hadi kwenye viwiko.